Mawe Manne Mezani

Mawe yenyewe yalikuwa manne, meusi, yenye vitundu vidogo vidogo, na kila moja lilienea katika kiganja cha mtu mzima. Savitri alikuwa ameyapanga juu ya gazeti ili yasikwaruze meza, kisha akalisukuma gazeti lote mbele ya mgeni wake.

"Angalia hii, Mama Jepkemboi. Soja wangu ameyatoa kwa mikoba ya wanawake wanne. Leo asubuhi, hapo langoni."

Jepkemboi hakuyagusa. Alitoa miwani kwenye kikasha chake, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa, akainama. Miaka ishirini na miwili alikuwa polisi, yote katika kitengo cha alama za vidole, na tangu astaafu na kurudi Kitale, wenye viwanda na maduka walimwita kila jambo lilipokataa kueleweka.

"Mawe ya kusugua visigino," alisema.

"Ya kusugua vidole!" Savitri aligonga meza kwa kucha. "Mtu mwenye nia safi anafuta alama za vidole vyake kwa nini? Wewe umekuwa polisi. Niambie."

Kiwanda kilikuwa cha kusafisha na kupakia mbegu za mahindi na maharagwe. Mzee Madanlal alikianzisha akiwa na mashine moja ya kupepeta, na sasa mkwewe Savitri ndiye aliyekiendesha. Mwezi mmoja uliopita alikuwa ameandika wafanyakazi wapya mia moja na ishirini. Kila mmoja alileta kitambulisho, akasajiliwa kidole kimoja kwenye mashine, kile cha shahada cha mkono wa kulia, na wiki hii akaanza kazi. Siku ya kwanza ya kazi, kila mtu alitakiwa kuweka kidole tena mara tatu ili mashine ithibitishe kwamba ni yeye. Na hapo ndipo mambo yaliharibika.

"Waliokataliwa ni wangapi?" Jepkemboi aliuliza.

"Ishirini na tisa."

"Kati ya mia na ishirini. Karibu robo." Aliandika kwenye kijitabu chake chenye jalada la buluu. "Na wametoka wapi, hao ishirini na tisa?"

"Wawili wa hapa Kitale. Ishirini na saba wa Malakisi." Savitri aliinuka, akafunga dirisha kwa sababu vumbi la maganda ya mahindi lilikuwa linaingia. "Mimi nilitenga nafasi thelathini kwa familia zinazoacha kulima tumbaku. Nilijua ninasaidia watu. Sasa nimeletewa genge! Wamepeana kazi na vitambulisho kama watu wanaopeana sahani. Kesho Ijumaa saa kumi jioni nawapeleka polisi wote, na nafasi zao nawapa wengine. Msimu wa mbegu haungoji."

"Nani aliyewasajili?"

"Wa Kitale walisajiliwa hapa. Wa Malakisi walisajiliwa Bungoma, kwenye ofisi yetu ndogo. Festus ndiye wakala wetu kule."

Jepkemboi alilitaja jina hilo polepole huku akiliandika. Festus. Mtu mmoja, mashine moja, na karibu kundi zima limekataliwa. Habari hiyo ilikuwa inanuka, tena vibaya. Lakini alikuwa amejifunza zamani kwamba harufu haisemi imetoka chumba gani.

"Hao wawili wa Kitale waliokataliwa," alisema, "wanafanya kazi gani nyumbani?"

Savitri alimtazama kama aliyeulizwa habari za hali ya hewa. "Mmoja alikuwa fundi wa kujenga. Mwingine alikatwa na panga kwenye hicho kidole. Hao si shida, tunawajua."

"Fundi wa kujenga," Jepkemboi alirudia. Saruji, inayokula ngozi ya vidole. Akapiga mstari chini ya neno hilo. "Nipe mmoja wa hao wenye mawe. Na nipe mahali penye mwanga."

*

Walimpa chumba cha mizani, chenye dirisha pana linalotazama lango. Nekesa aliingia bila kubisha, lesso amejifunga kiunoni juu ya dastkoti ya kijani aliyopewa na kiwanda. Alikuwa mwanamke wa kama miaka arobaini, mrefu, na mikono yote miwili alikuwa ameificha chini ya lesso.

"Keti, mama."

"Nitakaa nikiambiwa nimeiba nini."

"Sijasema umeiba. Nionyeshe mikono."

"Ya nini?"

"Mbona unaificha?"

Nekesa aliketi. Kisha akaitoa, si kwa unyenyekevu, bali kama mtu anayetupa kitu mezani. Jepkemboi alitoa kioo chake cha kukuza, akakivuta kile kidole cha shahada karibu na dirisha. Mistari ilikuwapo. Tena ilikuwa mizuri, imezunguka kama maji yaliyotupiwa kijiwe. Lakini ngozi yake ilikuwa changa, nyororo, ya waridi kidogo, kuliko ngozi ya kiganja kilichokuwa chini yake.

"Hii ngozi ni mpya."

"Ngozi ni yangu."

"Nimesema ni mpya, sijasema si yako. Kitambulisho chako kiko wapi?"

Nekesa alikitoa kifuani, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kilikuwa chenyewe. Picha ilikuwa yake, miaka ishirini nyuma, shavu limejaa zaidi. Tarehe ya kuzaliwa aliisema bila kusita, jina la chifu, jina la shule aliyoacha darasa la saba, majina ya ndugu zake sita kwa mpangilio. Jepkemboi aliyasikiliza yote, kisha akamrudisha nyuma ghafla, kama alivyozoea:

"Jiwe ni la nini?"

"La kuoga."

"Wanawake wanne, mawe manne, siku moja. Nyote mnaoga kazini?"

"Ati siku moja! Sisi tuko nayo tangu nyumbani. Kila mtu Malakisi ako na hiyo mawe. Wewe umewahi kuvuna tumbaku, afande? Hujawahi. Ukivuna, ile utomvu inakamata mkono inakuwa nyeusi kama lami. Sabuni haiwezi. Ukienda kwa harusi watu wanakuangalia mkono. Ukienda benki hivyo hivyo."

"Kwa hiyo mnasugua."

"Tunasugua kidogo. Lakini kabla ya kuandikwa kazi..." Alisita, akatazama mlango. "Siku hiyo tulisugua kabisa."

"Siku gani?"

"Ijumaa, kesho yake tulikuwa tunaenda Bungoma. Festus alikuja akatuita shuleni. Akasoma barua. Ati hapa kwa mbegu hawataki mkono iko na doa ya tumbaku, wala harufu. Mtu akikuja na mkono nyeusi, anarudishwa. Sasa tulifanya nini? Jioni tulienda kisimani, wote. Jivu, Jik ya kung'arisha nguo, mchanga, halafu jiwe. Tulikuwa tunacheka, tunaimba hata. Mwingine anasugulia mwenzake. Mimi nilisugua mpaka damu ikatoka hapa." Alionyesha ncha ya kidole. "Nilitaka niingie nikiwa safi kama watu wa ofisi. Sasa naambiwa mimi si mimi."

Akajifunga lesso upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Nina watoto watatu shuleni, afande. Tumbaku tumeng'oa, shamba liko wazi, na msimu wa kupanda kitu kingine umepita. Hii kazi ikienda, na jina langu liende polisi, mimi narudi kufanya nini?"

Jepkemboi alikirudisha kioo mfukoni. Hakuwa na mazoea ya kumpa mtu ahadi kabla ya kumaliza kuhesabu.

*

Fundi wa kompyuta aliitwa Gichuki, mtu mwenye maneno machache na kikombe kikubwa cha chai. Alipoambiwa afungue picha za vidole vya wale wa Malakisi kama vilivyochukuliwa siku ya usajili, alishusha kikombe kwa shingo upande.

"Mashine haidanganyi, mama."

"Sijasema inadanganya. Nataka kuona ilichoonyeshwa."

Picha ya kwanza ilitokea kwenye skrini. Ilikuwa ya Nekesa. Palipotakiwa kuwa na mistari palikuwa na weupe mtupu, kama karatasi, na pembeni mikwaruzo miwili mitatu. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu. Gichuki alizipitia zote ishirini na saba, akizidi kusogea mbele kwenye kiti.

"Hizi si alama za vidole," alisema mwishowe. "Huu ni ugonjwa."

"Ni vidole vilivyosuguliwa kwa jiwe. Mwezi umepita, ngozi imeota tena, mistari imerudi. Sasa mashine inaulizwa: je, kidole hiki chenye mistari ndicho kile kisicho na mistari? Inasema hapana. Mimi pia ningesema hapana. Lakini picha mbaya namna hii ilikubaliwaje?"

Gichuki alifungua orodha nyingine. Alikuna shingo. "Mashine ilikataa. Kila mmoja ilimkataa mara tano, mara sita. Halafu msajili akabonyeza 'kubali hivyo hivyo'. Hicho kibonyezo tuliwawekea kwa dharura."

"Mara ishirini na saba ni dharura?"

Savitri alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyejua amesimama hapo kwa muda gani. "Festus," alisema. "Aliwaambia wasugue, ili aharibu usajili wangu."

"Alisoma barua," Jepkemboi alisema. "Nani aliyeiandika?"

Huko nje mashine ya kupepeta ilikuwa ikinguruma. Savitri alijishika mkufu shingoni.

"Niliiandika mimi," alisema. "Mbegu hupata ugonjwa kutoka kwa tumbaku. Nilisema waje mikono safi. Mikono safi tu! Sikusema wajichune ngozi."

"Mtu anayeitaka kazi husoma zaidi ya ulichoandika."

Savitri alivuta kiti, akaketi. Uso ulikuwa umemlainika, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana kama mtu aliyechoka. "Basi imekwisha. Tutawasajili upya. Asante, Mama Jepkemboi. Uliponiambia utakuja, nilijua..."

"Haijaisha."

Jepkemboi alikuwa amerudi kwenye kijitabu chake. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya tarakimu moja.

"Wa Malakisi walikuwa thelathini. Ishirini na saba mashine imewakataa. Nataka wale watatu waliopita."

"Waliopita? Hao ndio wazuri!"

"Wanawake wote wa Malakisi walienda kisimani Ijumaa ile. Wote wakasugua. Hawa watatu mbona vidole vyao havikuchunika? Gichuki, walisajiliwa siku gani?"

Gichuki alitafuta, akasoma, akasoma tena. "Wale ishirini na saba, Jumamosi. Hawa watatu, Jumatatu."

"Nipe faili zao."

Faili tatu zililetwa. Ndani ya kila moja mlikuwa na barua ya chifu, halisi, yenye muhuri. Lakini kopi za vitambulisho zilikuwa nyeusi tii. Zilikuwa kopi za kopi, na mahali pa uso palikuwa na kivuli kama cha mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Kwenye faili ya Nekesa, kopi ilikuwa safi, hata kovu la kidevuni lilionekana. Jina la juu kati ya yale matatu lilikuwa Pauline Mukhwana.

"Wako kazini sasa hivi?"

"Wako kwenye meza ya kuchambua," Savitri alisema. "Nikawaite?"

"Usiwaguse. Usiwaangalie hata. Na usimpigie mtu simu."

*

Ofisi ya Bungoma ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la nguo na duka la dawa za mifugo. Festus alimpokea Jepkemboi kwa mikono miwili, akamfutia kiti kwa leso, akaagiza soda bila kuuliza kama anakunywa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Karibu, afande, karibu sana. Hiyo maneno ya vidole imeniumiza roho, bana. Hao akina mama ni watu wangu. Lakini mtu utafanya nini? Mashine ni mashine."

"Ulibonyeza 'kubali' mara ishirini na saba."

"Si niliwaonea huruma! Watu wametoka mbali, jua linawaka, mashine inakataa tu, inakataa tu. Nikasema, hawa nawajua kwa sura, wacha tu wapite."

Lilikuwa jibu zuri. Jepkemboi alikunywa soda kidogo.

"Unawajua wote kwa sura?"

"Wote thelathini. Kama watoto wangu."

"Pauline Mukhwana ni wa namna gani?"

Festus hakusita. "Mfupi, mweupe kidogo, ana mwanya."

"Kwa nini alisajiliwa Jumatatu?"

"Eh, Pauline... alikuwa na matanga. Wale watatu wote walikuwa na matanga, ni ukoo mmoja."

"Ukoo mmoja. Na barua zao zimetoka kwa machifu wawili tofauti."

Alicheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. "Ukoo ni mkubwa, afande! Wewe huku kwetu huwezi kumaliza kuhesabu watu."

"Kitambulisho chake halisi ulikiona?"

"Nilikiona kwa macho yangu haya."

Jepkemboi aliandika kila neno, kisha akamsomea yote tangu mwanzo, akamwomba atie sahihi. Festus alitia, kwa madaha, na mkia mrefu chini ya jina. Bado alikuwa anatabasamu alipomsindikiza mpaka kwenye gari.

Hakuelekea Kitale. Alishika njia ya Malakisi.

Nyumba ya Pauline Mukhwana haikumpa taabu, maana kila aliyeulizwa alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la kukaushia tumbaku, na mbele ya banda mwanamke mrefu, mweusi, asiye na mwanya wowote, alikuwa ameketi kwenye kigoda akifunga majani mabichi kwenye fito. Alichukua matatu, akayazungusha uzi, akayatupa kushoto. Matatu mengine, kulia. Hakuwa anaangalia mikono yake kabisa. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo.

"Karibu mgeni. Samahani, siwezi kukusalimia na hii mkono."

"Nipe tu," Jepkemboi alisema, akaushika. Ulinata. "Niliambiwa uko Kitale, unafanya kazi kwa mbegu."

Pauline aliacha uzi. "Nani amekuambia hivyo? Mimi niliachwa. Nilienda Bungoma hiyo Jumamosi na wenzangu, mkono nimesugua kama wao, nikakaa kwa foleni mpaka jioni. Festus akatuambia sisi watatu wa mwisho ati nafasi imejaa. Akasema acheni karatasi hapa, ikitokea nafasi nitawaita." Alitazama ufito wake. "Kwa hivyo nilirudia tumbaku ya shemeji. Mpaka leo sijaitwa."

"Uliacha karatasi gani?"

"Barua ya chifu. Na kopi ya kitambulisho. Kwani iko shida?"

"Kitambulisho chenyewe?"

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi nacho akikishika kwa ncha ya kanga kisichafuke. Jepkemboi alikitazama kwa muda mrefu.

"Kesho asubuhi nitakupeleka Kitale," alisema. "Beba hicho. Na beba ufito mmoja na uzi. Na hayo majani pia."

*

Saa tatu ya Ijumaa, meza ndefu ya kuchambulia maharagwe iliondolewa maharagwe. Nekesa aliketi upande mmoja, ameonywa asitaje jina la mtu yeyote, kwa kuwa Jepkemboi alitaka awepo mtu wa kusema kweli ya kazi ya tumbaku. Savitri alisimama karibu na dirisha. Mwanamke mfupi, mweupe kidogo, mwenye mwanya, aliitwa kutoka kwenye meza ya kupakia. Beji yake ilisema Pauline Mukhwana.

"Weka kidole," Jepkemboi alimwambia.

Aliweka. Taa ya kijani ikawaka mara ya kwanza. Yule mwanamke akatabasamu.

"Vizuri. Sasa wewe ni mkulima wa tumbaku, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Tangu utoto."

"Nifungie hii."

Aliuweka ufito mbele yake, na uzi, na majani yaliyokuwa yameanza kunyauka njiani. Yule mwanamke aliyatazama. Alichukua jani moja, akalikunja katikati kama mtu anayekunja karatasi. Akalifunga kwa mafundo mawili. Likaanguka. Akachukua jingine.

Nekesa alitoa mlio mdogo kooni. "Ati moja moja! Hata mtoto wa darasa la pili hawezi. Wewe ni wa wapi, dada?"

"Nimesahau kidogo... huku kwa mbegu..."

"Mkono hausahau hiyo!"

Jepkemboi alifungua mlango. Pauline mwenyewe aliingia, mikono yake bado na weusi ambao hakuthubutu kuusugua tena. Alivuta ule ufito, akachukua majani matatu, akazungusha, akatupa kushoto. Matatu, kulia. Alipofika fungu la nne yule mwenye beji alikuwa ameinamisha kichwa.

"Jina lako," Jepkemboi alisema.

"Nasambu."

"Kwenu?"

"Myanga. Nilikuwa nauza duka." Alivua beji polepole, akaiweka mezani, jina likitazama chini. "Festus amemuoa dada yangu. Alisema huyo mwenye jina amekataa kazi. Alisema mashine haiulizi maswali."

"Na wale wawili wengine?"

"Ni wa kwake pia."

Savitri alitoka dirishani. Alikuwa ameshika simu, lakini hakumpigia mtu. "Kwa hiyo niliowakataa ni wa kweli," alisema, "na niliowakubali ndio wa uongo. Hesabu yangu yote ilikuwa kichwa chini."

"Mashine ilijua kidole. Haikumjua mtu," Jepkemboi alisema. Alichana ukurasa kwenye kijitabu cha buluu, akampa. "Hicho kibonyezo cha 'kubali' kiondolewe leo. Vidole viwili, si kimoja. Kitambulisho chenyewe kionwe na watu wawili wasio ndugu. Mwenye ngozi iliyochunika apewe wiki tatu, asiitwe mwizi. Na hii hapa ni taarifa ya Festus, kwa sahihi yake, kwamba alikiona kitambulisho cha Pauline kwa macho yake. Hiyo ndiyo ya kupeleka polisi saa kumi."

Savitri alisoma karatasi yote mpaka chini. Kisha akalikunja lile gazeti lenye mawe manne, akalipeleka mwenyewe mpaka kwa Nekesa.

"Haya ni yenu," alisema. "Ile barua niliandika vibaya, mama. Nisamehe."

Nekesa alilipokea gazeti, akashindwa aliweke wapi, akaliweka mapajani. Gichuki alikuwa ameshasogeza mashine mbele yake na kufungua ukurasa mpya wenye jina lake. Mlango wa kiwanda ulikuwa wazi nyuma yake, na wanawake ishirini na sita walikuwa wamejazana hapo wakinyoosha shingo.

Nekesa aliinua kidole cha shahada. Akakitazama, akakunja uso, akakilamba, akaanza kukipangusa kwa nguvu kwenye lesso.

"Nekesa!" Jepkemboi alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu jana akacheka. "Acha kusugua!"

Nekesa alikiweka kwenye mashine hivyo hivyo kilivyo.